Sauti Imepanda: Kaseti ya Baba na Ubishi wa Wapenzi wa Dansi

Fundi alikuwa ameshaifungua deki yote, vipande vimetapakaa mezani. Mkanda wa zamani uliolegea alikuwa ameutupa pembeni na kufunga mpya. Akapangusa kichwa cha kusomea kaseti kwa pamba yenye spiriti, akasubiri kikauke, akatumbukiza kaseti ya baba na kubonyeza. Kwanza ulisikika mvumo, kisha sauti ya mtangazaji wa Redio Tanzania ikikatikia njiani, halafu magitaa ya bendi ya Mlimani Park yakaingia. Wimbo ulikuwa "Neema".

Pale Gerezani, mtaa wa mafundi Dar es Salaam, hakuna ukimya. Kuna wanaogonga mabati, wanaochomelea, wanaoita wateja. Hata hivyo mzee mmoja aliyekuwa akipita na mfuko wa misumari alisimama, akausikiliza ubeti mzima, kisha akasema, "Hiyo sauti imepanda. Chidumule haimbi hivyo."

"Mashine nimeipima sasa hivi, mzee wangu," fundi akamjibu. "Iko sawasawa."

"Sijasema mashine. Kaseti ndiyo ina walakini."

Hapo ukaanza ubishi ambao kila mpenzi wa dansi anaujua. Mchomeleaji wa jirani akasema sauti ni ile ile, ila wimbo huu ulirekodiwa mara mbili na hii ndiyo rekodi ya kwanza. Mwingine akaapa kwamba anayesikika si Chidumule bali mwimbaji mwenzake, Bitchuka. Wa tatu akauliza mbona tunahangaika na Sikinde, yaani hao Mlimani Park, wakati wapinzani wao Msondo wapo. Niliondoka na deki yangu kwapani wakiwa bado wanaendelea, na lile neno la mzee wa misumari likanikaa kichwani kwa wiki nyingi.

Mimi nimekulia kwenye kaseti hiyo. Kama sauti imepanda, basi wimbo ninaoupenda kuliko zote sijawahi kuusikia.

Betri za kuanikwa juani

Baba aliirekodi Kilosa, alikokuwa kikazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwenye karatasi ya kasha ameandika kwa kalamu ya wino maneno matatu tu: MLIMANI NA MSONDO. Hakuna jina la wimbo, la mtunzi wala la mwimbaji, na tarehe haipo.

Alirekodi kama walivyorekodi wengi. Unakaa na redio kaseti, kidole juu ya kitufe, unamsubiri mtangazaji aseme jina la bendi unayoitaka. Ukichelewa, umekosa mwanzo. Ukiwahi, umemnasa mtangazaji. Ndiyo maana kwenye kaseti hizi kila wimbo una mkia wa sauti ya mtu wa redio, na sehemu nyingine sauti inazama na kuibuka jinsi mawimbi yalivyokuwa yakienda na kurudi usiku.

Umeme hapo nyumbani haukuwepo. Redio ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa ghali. Mama anakumbuka vizuri zilivyokuwa zikianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa yule mzee. Betri zikichoka, mota ya redio kaseti inazunguka polepole. Ukirekodi mota ikiwa hivyo, kisha ukaipiga kaseti kwenye mashine yenye nguvu kamili, wimbo unakimbia na sauti inapanda. Mashine ya Gerezani iko sawa, na mwimbaji aliimba vizuri. Waliobadilisha wimbo, kama ulibadilika, ni mota ya baba na betri zilizoonja jua.

Lakini hiyo ilikuwa dhana tu. Nilitaka ushahidi.

Kwa nini sisi ndio tunabishana

Kabla sijaendelea, nieleze jambo ambalo limenichukua muda kuliona, nalo linahusu ubishi wenyewe.

Shabiki wa Nairobi wa miaka ile alikuwa na santuri. Akimpenda Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano, au Les Wanyika na "Sina Makosa" yao, alinunua sahani ndogo ya plastiki yenye karatasi ya duara katikati. Kwenye karatasi ile limeandikwa jina la wimbo, la bendi, mara nyingi na la mtunzi. Wimbo wenyewe ulikatwa vipande viwili kwa sababu upande mmoja haukutosha: sehemu ya kwanza yenye mashairi, unageuza, sehemu ya pili yenye chemko, ile ya kasi ya kuchezea. Alikosa utamu wa mpito kutoka polepole kwenda kwa kasi, ila jina alikuwa nalo mkononi.

Sisi hatukuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Baadhi ya bendi zetu zilirekodiwa na kuchapwa Nairobi, lakini mpaka wetu na Kenya ulipofungwa 1977 hiyo njia ikawa nyembamba sana. Nyumba ya muziki wa dansi ikawa studio moja ya Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi inaingia nzima, inapiga kwa pamoja, kanda kubwa inazunguka, basi. Faida yake ni kwamba wimbo haukubanwa na ukubwa wa santuri. Mlimani Park waliweza kwenda dakika nane au tisa, chemko likatokota mpaka lilipotaka. Hasara yake ni kwamba hakukuwa na karatasi ya duara. Alichonacho shabiki ni sauti ya mtangazaji, na ukichelewa kubonyeza, hata hiyo huna.

Kila mmoja wetu akajijazia mwenyewe. Huyu kasikia ni fulani, yule kaambiwa na kaka yake, mwingine alikuwepo ukumbini DDC Kariakoo na aliwaona kwa macho.

Wanamuziki nao hawakutulia. Chukua mfano wa mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo. NUTA Jazz, bendi iliyoanza 1964, baadaye ikawa JUWATA, na ndiyo hiyo Msondo, ndiyo iliyomjengea jina. Mwaka 1978 ilipoundwa Mlimani Park chini ya kampuni ya usafiri na teksi, alikuwa miongoni mwa waliohamia, pamoja na kina Abel Balthazar, Joseph Mulenga, Chidumule na Michael Enoch. Bendi ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, Sikinde ikatikisa mji. Katikati ya miaka ya 1980 akaondoka na wenzake kwenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo na kukaa hapo mpaka alipostaafu 2013. Alifariki Aprili 2014. Sasa mwambie shabiki wa Sikinde na shabiki wa Msondo wagawane Gurumo! Sauti ile ile iko pande zote mbili, na ukiisikia kwenye kaseti isiyo na jina, bendi unaikisia kwa magitaa na tarumbeta, mwaka unaukisia kwa uzito wa sauti yake.

Mimi ni wa Sikinde, na sifichi. Lakini kwa Gurumo sina upande.

Tarumbeta na mvumo wa umeme

Niliiingiza kaseti kwenye kompyuta na kuchukua gitaa. Nikajaribu kufuatisha besi ya "Neema". Haikukaa. Nikipiga noti moja, wimbo uko juu kidogo. Nikipanda nusu toni, wimbo uko chini kidogo. Ulikuwa katikati, mahali ambapo gitaa halina nyumba.

Hilo peke yake halitoshi. Bendi za magitaa matupu hutyuni kwa masikio, wakikubaliana wenyewe, na wanaweza kuwa popote. Lakini Mlimani Park walikuwa na saksafoni na tarumbeta. Mpuliza tarumbeta anaweza kuvuta bomba lake akashuka kidogo, ila kupanda mpaka katikati ya noti mbili hawezi. Magitaa ndiyo yanayofuata tarumbeta. Kama bendi nzima, tarumbeta zikiwemo, imeelea mahali pale, basi kilichoelea ni kaseti.

Ushahidi wa pili sikuutafuta, ulijitokeza. Umeme wetu ni hezi 50, na vyombo vyake huacha mvumo mwembamba kwenye rekodi, kwenye 50 na kwenye 100. Nilipoitazama kaseti kwenye programu ya kuhariri sauti, niliona mistari miwili karibu sana. Mmoja ulikuwa 100 kamili, mwingine kwenye 103 hivi. Nikachomoa deki ukutani, nikaiwekea betri mpya na kuipiga tena. Mstari wa 100 ukatoweka, maana ulikuwa umeme wa nyumbani kwangu. Wa 103 ukabaki pale pale.

Huo ulikuwa mvumo uliokuja na matangazo, wa studioni au wa mtambo wa kurushia, uliosafiri hewani mpaka Kilosa, ukaingia kwenye redio isiyo na umeme, na kupandishwa na betri zilizochoka. Asilimia tatu. Kwa sikio ni karibu robo toni, na kwa wimbo mrefu kama huo ni sekunde zipatazo 15 zilizopotea.

Mzee wa misumari alisikia robo toni barabarani Gerezani, katikati ya nyundo na mabati.

Ninalirudia hilo kwa sababu tuna tabia ya kuwaona mashabiki wa zamani kama watu wa hadithi tu. Yule mzee hana kifaa wala hajasomea muziki, lakini amebeba sauti ya mtu mmoja kichwani kwa zaidi ya miaka 40, na ameibeba ikiwa mahali pake.

"Umeuharibu"

Kurekebisha ni kazi ya dakika moja. Unaandika asilimia, unabonyeza, wimbo unashuka. Sauti ya Chidumule ikawa na kifua zaidi. Tumba zikawa nzito. Lile gitaa la pili linalojibizana na la kwanza, ambalo siku zote lilinisikikia kama linaharakisha, likakaa na kupumua. Nilifurahi mno, nikampelekea mama.

Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Chemko lilipoingia, kidole chake kikaanza kugonga ungo, kisha kikasimama.

"Huu siyo," akasema.

Nikamweleza habari za betri na mvumo. Akanielewa bila shida, yeye ndiye aliyekuwa akizianika. Halafu akasema, "Sawa, labda studio walipiga hivi. Lakini sisi tuliucheza ule. Umeuharibu, mwanangu."

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu kamili. Kuna nyumba ngapi nchi hii ambazo watu walichumbiana, wakazaa na kuzika kwa nyimbo zilizopanda robo toni? Kila kaseti ina kasi yake. Ile ya jirani wa Kilosa huenda ilikuwa imeshuka badala ya kupanda. Nikisema wimbo halisi ni ule wa kanda ya studio, ninawaambia watu hawa wote kwamba walipenda kivuli. Nikisema kila kaseti ni halisi, ninamdhulumu mwimbaji, maana hakuimba vile.

Kwa muda fulani niliacha kabisa kusikiliza.

Mbagala

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa Mbagala aliyepiga besi katika bendi mbili za Dar miaka ile. Nilikwenda kwake kwa jambo lingine, nikajikuta nimemsimulia habari yote, na nikamuuliza anaonaje: wimbo uko wapi?

Alicheka kwanza. "Unautafuta wimbo RTD? RTD tulikwenda mara moja, asubuhi. Usiku wake tumepiga mpaka saa tisa, macho mekundu. Mashairi yalishapelekwa mapema yakasomwa na wakubwa, kama kuna mstari hawautaki tumeutoa. Tunaingia, tunapiga. Akikosea mmoja, tunaanza upya sote, kwa hiyo hakuna anayethubutu kufanya mambo mengi. Unachosikia wewe ni watu wanaopiga kwa uangalifu."

"Na ukumbini?"

"Ukumbini wimbo hauna mwisho. Kiongozi akiona uwanja umejaa, chemko halikatiki. Mtu anakuja kutunza, anabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji, jina lake lazima liingie kwenye wimbo. Ule mstari uliokatazwa redioni, unarudi."

Nikamuuliza habari ya sauti kupanda na kushuka. Akasema hilo lilikuwa la kawaida kabisa. Mwimbaji akiamka na koo bovu, magitaa yanashushwa nusu toni, shughuli imekwisha. Wanaoumia ni wapuliza tarumbeta na saksafoni, kwa sababu wao hawana cha kulegeza, inawabidi wabadilishe vidole vyote usiku ule ule. "Wananuna mpaka asubuhi," akasema.

Kisha akaniambia jambo lililonishtua zaidi. Kuna wimbo mmoja wa bendi yake ambao mashabiki wote, nikiwemo mimi, tunamtaja mpiga solo fulani bila kusita. Yeye alikuwepo studioni. Aliyepiga siku ile ni kijana aliyekuwa kwenye majaribio, maana mpiga solo wa kawaida alikuwa kwenye mazungumzo ya kuhamia bendi nyingine na hakutokea. Kijana yule hakuchukuliwa. Alirudi mkoani kwao. Mzee akanionyesha jinsi alivyokuwa akikatisha noti ya mwisho, vidole vya mkono wa kushoto vikikimbia juu ya paja lake kama kuna nyuzi. Niliporudi nyumbani nikausikiliza wimbo ule, nikaisikia ile kato. Yule tunayemtaja hakati hivyo kwenye nyimbo zake nyingine.

Nikafurahi kwamba nimepata ukweli. Baadaye nikamuuliza mpiga tumba wa bendi hiyo hiyo. Akasema la, aliyepiga ni yule yule tunayemtaja siku zote, na mzee wa besi anachanganya na wimbo mwingine uliorekodiwa siku hiyo hiyo.

Nimeandika yote mawili.

Ninavyofanya sasa

"Neema" ya baba ninayo kwa namna mbili, iliyopanda na iliyoshushwa, na kila moja nimeiandikia ilivyopatikana: kaseti ya wapi, ilirekodiwa kwa redio gani, nimeishusha kwa asilimia ngapi na kwa ushahidi upi. Mama anasikiliza yake. Mimi ninasikiliza ile ya pili, kwa sababu ninataka kumsikia mwimbaji kifua chake kilipokuwa. Hatugombani.

Kinachoniuma ni ninachokiona kwa wenzangu wapenzi wa zilipendwa wanaohamishia kaseti kwenye kompyuta. Kazi yao ni kubwa na ninawashukuru, lakini wengi wanakata sauti ya mtangazaji mwanzoni na mwishoni, wanasafisha mvumo wote, kisha wanaandika jina la mwimbaji kwa kukisia. Tafadhali, jamani, msimkate mtangazaji. Yeye ndiye karatasi yetu ya duara. Akitaja bendi, kipindi, au hata saa, tumepata mwaka. Ule mvumo unaokuudhi ndio unaoweza kutuambia kasi ya kweli. Tengeneza nakala safi ya kusikiliza, sawa, lakini ile chafu itunze nzima.

Na majina: usiandike "solo fulani" peke yake. Andika nani amesema, na yeye alikuwa nani kwenye bendi. Mwingine akija na jina tofauti, liongeze chini yake, usifute la kwanza. Ubishi wetu wa vijiweni umehifadhi mambo ambayo hayakuandikwa mahali pengine popote, lakini umeyahifadhi yakiwa yamechanganyika, na wanaoweza kuyatenganisha wanapungua kila mwaka. Marijani Rajabu ameondoka tangu 1995. TX Moshi William, 2006. Remmy Ongala, 2010. Hao ni waimbaji na viongozi, ambao angalau magazeti yaliwahoji. Wapiga vyombo wengi hakuna aliyewauliza hata mara moja.

Ninaandaa safari ya kwenda Tanga, kisha Tabora nikijaliwa. Kama unajua alipo mtu yeyote aliyepiga gitaa la ridhimu, lile la kusindikiza, katika Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Tabora Jazz au Western Jazz, niandikie. Wapiga ridhimu ndio ninaowatafuta kwanza. Katika mabishano yote niliyowahi kuyasikiliza, kuhusu waimbaji, solo, besi mpaka tumba, sijawahi kusikia watu wawili wakibishana nani alipiga ridhimu.